Jiko Lililougua Nyumbani Tu

"Kwa nini kwangu linaugua, na likifika kwenu linapona?"

Mama Naliaka aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mapokezi ya karakana yetu mjini Kitale, mkono mmoja ameuweka juu ya jiko lake kama mzazi aliyemleta mtoto zahanati. Lilikuwa jiko la umeme la kusimama, oveni chini na sehemu nne za kupikia juu, lenye kidirisha cha kuonyesha saa. Kwake Kiminini, alisema, akioka mkate wa kwanza hakuna shida. Akiingiza wa pili, saa inapotea, jiko linalia pii, pii, kisha linaandika F3 na kuzima moto. Sisi tulikuwa tumeliwasha tangu asubuhi na halikuandika kitu.

Nilikuwa na shahada ya fizikia, mpya kabisa, na niliona aibu kunyamaza. Nikamwambia huenda stima ya kwao inapanda na kushuka.

"Ati stima," alisema. "Friji yangu iko sawa. Redio iko sawa. Hiyo stima inachukia oveni peke yake?"

Nyuma yangu Fundi Mkuu alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Mama, mwache. Huyu ni msomi, ameletwa leo. Jibu analo, swali ndilo bado anatafuta."

Wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi wameniomba niandike jinsi kazi ya kutengeneza oveni ilivyofanywa wakati wangu. Wamesema "wakati wako" kana kwamba nina mvi. Nina miaka thelathini na moja. Lakini ni kweli kwamba kazi niliyoikuta haipo tena, na kwamba nilisaidia kuiondoa. Basi nitaandika.

Karakana ya Kitale ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, mabenchi matatu na ukuta mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuegemea. Kwenye ukuta huo zilitundikwa bisibisi nne, kila moja na kijibati chenye jina. Zilikuwa za mafundi waliostaafu wakiwa na jina safi. Siku yako ya mwisho ulikabidhi bisibisi uliyoitumia zaidi, meneja akaitundika mwenyewe, watu wakapiga makofi, mkanywa soda. Hivyo tu. Nililiona jambo la kitoto na nikasema hivyo.

Fundi Mkuu hakukasirika. Jina lake lilikuwa Mzee Kiboi, mtu wa Kapsokwony, mrefu na mkavu, mwenye bisibisi ya mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe baada ya ule wa plastiki kuyeyuka. Alinionyesha msumari mtupu upande wa kulia wa zile nne. "Ule ni wangu. Nimeupigilia mwenyewe, nisije nikafika wakaniambia nafasi imejaa. Sitaki kitu kingine hapa. Nataka nitoke na mlango wa mbele, hii ibaki pale."

Alikuwa amebakiza miaka mitatu.

Sasa niwaeleze namba za hitilafu, maana ndizo mlizoulizia. Oveni ya kisasa ina bodi, yaani kibao chembamba chenye saketi kinachokaa nyuma ya vitufe, na bodi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ndani ya oveni kuna sensa, kijiti cha chuma kinachopima joto. Ukiipima kwa mita katika chumba cha baridi ya kawaida, sensa nyingi hutoa ohm kama elfu moja na themanini, na joto likipanda, namba hupanda pia. Bodi inaisoma namba hiyo bila kupumzika. Isipoipata, inaamini kwamba waya umekatika, inazima moto na kuandika namba ya hitilafu. Kwa jiko la Mama Naliaka, namba hiyo ilikuwa F3. Kitabu cha kampuni kilisema: F3, badilisha sensa. Sentensi ya maneno mawili. Niliipenda sana.

Mzee Kiboi hakuipenda. "Namba inakuambia nani amelia," alisema. "Haikuambii nani amempiga."

Njia yake ilikuwa nyingine. Jiko likishindikana karakana, alilifuata nyumbani, na hakutoa taarifa. Alibisha hodi siku yoyote, saa yoyote ya mchana, akasalimia, akaketi jikoni, akapewa chai, na kwa muda mrefu hakugusa kitu. Alitazama watu wanavyopika. Nilimfuata mara kadhaa. Kwenye nyumba moja oveni ilikuwa ikiandika kwamba kitufe kimekwama, na tayari walikuwa wamebadilishiwa vitufe. Mzee alikunywa vikombe viwili, akamwona binti wa nyumba akifuta vitufe kwa kitambaa kinachotiririka maji, akaniangalia. Tulianika bodi juani, tukamfundisha binti kukamua kitambaa, tukaondoka. Hatukubadilisha hata skrubu.

Kuhusu jiko la Kiminini alisema vilevile: "Karakana halitasema kitu. Nitapitia kwake siku moja, pole pole."

Hakupitia, na sababu ni mimi.

Nilikuwa nauliza kila kitu wakati huo. Kwa nini fundi atumie nusu siku kunywa chai? Kwa nini hakuna kumbukumbu za maandishi? Tungejuaje kwamba tiba ni tiba na si bahati? Sioni hata leo kwamba maswali hayo yalikuwa mabaya. Meneja wa Tawi alikuwa na malalamiko yake mezani: Mzee Kiboi alimkuta mke wa ofisa mmoja amejifunga leso, nywele nusu zimesukwa, sinki limejaa vyombo. Mama huyo alisema kampuni yetu inavamia watu. Nikaona nafasi. Nikapendekeza mambo mawili. Kwanza, mteja apigiwe simu siku moja kabla ya fundi kufika. Pili, fundi ajaze fomu, na fomu iwe na visanduku vya chanzo cha hitilafu: sensa, bodi, waya, umeme wa nyumba, matumizi mabaya, kazi ya fundi. Fomu hiyo niliichora mwenyewe, jioni moja, kwa rula.

Meneja alifurahi. Mzee Kiboi aliishika fomu mbali na uso, akaisoma yote.

"Ukiwapigia simu," alisema, "utakuta nyumba imevaa nguo za kanisa."

"Mzee, si ni heshima tu?"

"Ni heshima. Ndiyo nasema. Watu wa huku ukiwaambia unakuja, watafagia mpaka ugonjwa."

Mafundi wengine walicheka. Mimi nilimjibu kwamba sayansi haihitaji kumkuta mtu na vyombo vichafu. Nililisema jibu hilo vizuri sana, na nilipendwa kwalo. Kwa fomu ile nilipandishwa kuwa Mratibu wa Huduma na kuhamishiwa Bungoma, ambako tawi lilikuwa kubwa zaidi, ofisi ina feni, na karakana ya Kitale ilileta ripoti zake kwangu.

Ya Kiminini ilianza kuja mara kwa mara. F3. Sensa imebadilishwa. Wiki tatu baadaye, F3. Waya umepimwa, mzima. Jiko likaletwa tena Kitale, bila mfuniko wake wa kioo unaofunika sehemu za kupikia, kama mara ya kwanza, kwa sababu tuliwashauri wateja wauache nyumbani usije ukapasuka njiani. Likawashwa siku mbili mfululizo, likaoka mikate ya mafundi, halikulia. Likarudishwa. F3. Mzee Kiboi akaifungua bodi na kuichomelea upya sehemu inayopokea waya wa sensa. Mwezi mmoja, kisha F3.

Mama Naliaka hakuwa akioka kwa kujifurahisha. Alipikia mikate vyumba vya walimu wa shule mbili na keki za harusi kanisani kwao. Siku moja ya harusi jiko lilizima keki ya chini, ile kubwa, ikiwa imeiva nje na uji katikati. Bibi harusi alikuwa binti wa mchungaji. Barua iliyofika Bungoma iliandikwa kwa mkono na ilikuwa na adabu yote, na ndiyo maana iliogopesha. Ilisema ametuamini kwa miaka miwili na sasa watu wanampita njiani kimya.

Meneja wa Tawi la Bungoma aliniita. "Nenda wewe. Umesoma. Uniletee chanzo, si hadithi."

Nikapiga simu siku moja kabla, kama utaratibu ulivyotaka. Nilipofika, jikoni palikuwa panang'aa. Sakafu mbichi kwa maji, harufu ya sabuni, mapazia yametoka kupigwa pasi. Jiko lilikuwa limesuguliwa mpaka nikajiona usoni mwake, mfuniko wa kioo umesimama wima nyuma yake. Mama Naliaka alivaa rinda la Jumapili. Aliniwekea chai na mandazi kwenye stuli.

"Karibu, Madam. Leo umekuja mkubwa."

"Mzee Kiboi anasema ni jiko sumbufu," nilisema.

"Mzee hana makosa. Yeye angalau huliuliza jiko. Wengine wanasoma tu karatasi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Niliwasha oveni kwa saa mbili nzima. Nilipima sensa, waya, umeme wa soketi. Kila kitu sawa. Tulioka mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halikulia hata mara moja, na Mama Naliaka alizidi kunyong'onyea, kama mgonjwa ambaye homa imemtoroka mbele ya daktari.

Mwishowe nikaifungua bodi. Pale Mzee Kiboi alipochomelea, solda, ile risasi ya kuungia, ilikuwa imefifia, rangi ya kahawia, bila ule mng'ao wa kazi nzuri. Solda iliyofifia inaweza kuwa imechomwa vibaya. Inaweza pia kuwa nzuri kabisa iliyopata joto jingi baadaye. Nilijua hayo yote mawili. Nilijua pia kwamba F3 ilianza kabla mkono wake haujaigusa ile bodi. Nilikaa na fomu yangu magotini. Ilikuwa na visanduku sita na hakikuwepo cha "sijui". Sikukichora. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekihitaji.

Nikatia alama kwenye "kazi ya fundi".

Mkiniuliza leo kwa nini, nina majibu kadhaa na yote ni ya mtu msomi. La kweli ni kwamba nilikuwa nimetumwa kuleta chanzo na niliogopa kurudi mikono mitupu.

Meneja wa Tawi hakungoja. Alikuwa akitafuta njia ya kupunguza wazee, na barua ya Mama Naliaka pamoja na fomu yangu vilimtosha. Nilipoelewa anachotaka kufanya nilikwenda ofisini kwake.

"Bwana Meneja, mimi niliandika kinachowezekana. Sikusema ni hakika."

Aliigeuza fomu inielekee. "Nionyeshe mahali pameandikwa 'inawezekana'."

"Hapapo."

"Na fomu ni ya nani?"

Mzee Kiboi aliondolewa kazini akiwa amebakiza miezi saba. Sikuwepo. Niliambiwa kwamba hakubishana. Alisafisha benchi lake, akafuta meza kwa kitambaa kilichokamuliwa, akachomoa ule msumari mtupu ukutani kwa koleo na kuutia mfukoni pamoja na bisibisi yake. Alipitia mlango wa nyuma kwa sababu mbele palikuwa na wateja.

Jiko la Kiminini liliandikwa kuwa halitengenezeki. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yangu ya pili. Mama Naliaka alipigiwa simu na kushauriwa anunue jingine. Alijibu, "Sawa, asanteni," akakata. Hakutupigia tena, na mimi nikadhani jiko limegeuka kabati la sufuria.

Miaka yangu ya Bungoma iliyofuata sina mengi ya kuisimulia. Kazi ikawa ya kubadilisha. Namba ikitokea, unasoma kitabu, unatoa kipande, unaweka kipande. Kisha oveni mpya zikaja ambazo bodi zake haziuzwi peke yake, na kazi ikawa ya kutangaza vifo. Vijana walioajiriwa walikuwa wepesi, wachangamfu, "niaje Madam" kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama mtu akipika. Sikuwalaumu. Utaratibu ulikuwa wangu. Fomu yangu ilisambazwa matawi yote, na kila nilipoiona nilihesabu visanduku: sita. Mara mbili nilipendekeza cha saba. Mara ya kwanza hawakujibu. Mara ya pili meneja mpya aliuliza, kwa upole wa kweli, mteja atafikiri nini akisoma kwamba fundi wetu hajui.

Katika mwaka wa pili baada ya Mzee Kiboi kuondoka nilipanda Kapsokwony kumwomba msamaha. Bodaboda ilinishusha mahali barabara ilipoishinda. Nilimkuta akipalilia vitunguu. Alifurahi, akamwita mkewe, chai ikaja. Alinionyesha redio za majirani alizokuwa akitengeneza chini ya ghala, na ule mpini wa mbao ukichomoza mfukoni mwa shati lake. Nilianza maneno niliyoyapanga njia nzima. Hakunisaidia wala hakunizuia. Nilimaliza kwa kusema kwamba hata lile jiko halikupona, kwamba lilikufa, kwamba hakuna aliyefaidika.

Aliangalia kikombe chake. "Ati lilikufa?"

"Niliandika mimi mwenyewe, Mzee."

"Haya," alisema. "Ongeza chai. Huku kuna baridi."

Akanifungia vitunguu kwenye gunia. Akanisindikiza mpaka barabarani akiniuliza habari za mama yangu. Niliporudi nilijiambia kwamba amenisamehe, kisha kwamba hajanisamehe, na sikuweza kupima lipi ni kweli. Mzee Kiboi alifariki mwaka uliofuata. Nilipata habari baada ya mazishi.

Niliacha kazi mwaka jana. Hakuna aliyenifukuza. Walinikatia keki, nikapewa cheti chenye jina langu lililokosewa herufi moja, nikatoka na mlango wa mbele. Ukuta wa bisibisi wa Kitale ulikuwa umeshapakwa rangi na kutundikwa bango la huduma bora. Nimepanga chumba karibu na Kibabii na bado sijajua nitafanya nini. Nyinyi wawili mmeniomba ushauri wa mwisho na mimi sina. Ningewaambia msiiamini namba, lakini nilikuwa siiamini hata siku nilipoiandikia sababu. Kutoamini hakukunizuia. Shaka ni rahisi mtu akiwa hana kalamu mkononi.

Ningeishia hapo, kama nisingeshuka Kiminini mwezi uliopita.

Nilikuwa napita tu, na mvua ikanikamata karibu na kwake. Sikuwa na namba yake tena, kwa hiyo sikupiga simu. Nilibisha hodi nimelowa, kwa mara ya kwanza maishani nikiingia peke yangu nyumba ya mteja bila yeye kunitarajia. Jikoni pamejaa unga, beseni, watoto wa jirani, harufu ya mkate. Mama Naliaka alikuwa na kitambaa kichwani na mikono myeupe mpaka viwikoni.

Na jiko lile lile lilikuwa linaoka. Kidirisha kinaonyesha saa.

"Mama, hili si lilikufa?"

"Nani alikuambia?" Akacheka. "Mkate wa nne huo uko ndani."

Nililitazama. Halikuwa na mfuniko. Nyuma, mahali pa bawaba, palibaki matundu mawili ya skrubu. Mfuniko wenyewe ulikuwa juu ya meza, umetandikwa kitambaa cha kufuma, mikate ikipoa juu yake.

Akanieleza huku akikanda. Jikoni kwake hapakuwa na meza zamani. Akiwasha oveni alifunga mfuniko, akatandika kile kitambaa, akaweka beseni la unga juu, akafanyia kazi hapo. Kila siku, tangu jiko lilipoingia ndani. Nikamsikiliza na nikaona mambo yote yakijipanga bila msaada wangu: hewa ya moto ya oveni hutokea nyuma, chini ya mfuniko, na ukifungwa inarudi kwenye bodi. Plagi ya sensa inapata joto, inalegea, F3. Likipoa inashika tena. Kwetu Kitale lilikuja bila mfuniko. Na sisi tukija kwake?

"Mkipiga simu mnakuja, ningewakaribisha na beseni juu ya jiko?" alisema. "Si nilikuwa naondoa kila kitu, nafungua, nasugua. Mimi si mchafu, bana."

"Nani alikuambia uuondoe mfuniko?"

"Mzee wenu. Alinikuta hivi hivi, beseni juu. Akaketi pale, akanywa chai, akaangalia mpaka likalia. Kisha akatoa ile bisibisi yake ya mbao, akang'oa mfuniko wote, akasema sasa hata nikitaka kukosea siwezi. Meza hii alinipigilia yeye." Akageuza donge la unga. "Alisema nisikuambie wewe. Alisema, yule msichana bado ako na miaka mingi ya kufanya hiyo kazi."

Niliuliza ilikuwa lini. Alikumbuka bila taabu, kwa sababu ilikuwa siku ya soko: Alhamisi, wiki ya pili baada ya Mzee kufutwa kazi, na hakuwa amepiga simu.